Damu ya Kisesa na Ngazi ya Usomi

Mwaka 1994 watafiti walianza kupita kaya kwa kaya katika kata ya Kisesa, wilayani Magu, kilomita 20 hivi mashariki ya jiji la Mwanza kwenye barabara iendayo Musoma. Waliandika nani anaishi wapi, nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Kisha, kwa awamu zilizoachana kwa miaka kadhaa, wakawaalika watu wazima wa vijiji kama Kanyama, Igekemaja, Welamasonga na Ihayabuyaga waje kuhojiwa na kutoa damu kidogo kwa ajili ya kipimo cha VVU. Damu yenyewe haikuwa nyingi. Ikidondoshwa juu ya karatasi ya kuchujia na kuachwa ikauke kivulini, huwa duara lisilozidi sana kitufe cha shati, jekundu mwanzoni, na baadaye la kahawia kama kutu.

Juu ya maduara hayo umejengwa usomi mkubwa. Zimeandikwa tasnifu za uzamili na uzamivu, zimechapishwa makala katika majarida ya kimataifa, na wapo waliopanda kutoka uhadhiri msaidizi hadi uprofesa, Mwanza na ng'ambo, kwa sababu watu wa Kisesa walikubali kunyoosha kidole. Hakuna ubaya katika hilo. Sayansi ya damu haiwezi kufanyika bila damu, na msomi hawezi kupanda bila kazi yake kuonekana. Linalostahili kuulizwa, hasa sasa ambapo vyuo vya afya nchini vinaandaa wataalamu wengi wa maabara wenye shahada kuliko wakati wowote uliopita, ni namna ngazi ya usomi inavyopimwa, na kama katika vipimo vyake kuna hata kimoja kinachomtazama yule aliyetoa damu.

Haki itendeke kwanza kwa kazi iliyofanyika. Utafiti wa Kisesa ulianzishwa chini ya TANESA, mradi wa ushirikiano wa Tanzania na Uholanzi, pamoja na kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Awamu ya kwanza, ya 1994 na 1995, ilionyesha kuwa watu wazima wenye VVU katika kata ile walikuwa asilimia 5.9. Kufikia awamu ya 1999 na 2000 walikuwa asilimia 8.1. Kabla ya hapo wengi walijifariji kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa mjini na wa njia kuu, na kwamba kijiji kingesalimika. Tarakimu hizo mbili ziliuondoa ubishi. Hazikutoka kinywani mwa mwanasiasa wala katika mahubiri. Zilitoka katika visahani vya plastiki vyenye vishimo 96, ambavyo mtaalamu wa maabara huvijaza kimoja kimoja, huviosha, huvisubiri vibadilike rangi, na kuvisoma tena pale mashine inapotoa jibu lenye utata.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa utafiti mwingine wa mkoa huo huo, ambao taarifa yake ilitolewa katika jarida la The Lancet mwaka 1995. Jamii 12 za Mwanza zilifuatiliwa, takriban watu 1,000 katika kila jamii, na ikaonekana kwamba pale ambapo zahanati na vituo vya afya viliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa asilimia 40 hivi. Matokeo hayo yalisomwa duniani kote na yakaathiri sera za nchi nyingi. Msomaji wa kawaida wa taarifa ile hukumbuka asilimia 40. Ni wachache wanaofikiri kwamba kama mtu mmoja katika maabara angebadilisha lebo za chupa mbili kwa uchovu wa saa kumi jioni, na mwingine akafanya hivyo kesho yake, tarakimu hiyo isingesimama.

Upande wa pili wa hesabu lazima nao usemwe. Katika awamu za mwanzo za Kisesa, damu ilipimwa kwa ajili ya kuhesabu. Aliyeitoa aliridhia, lakini utaratibu wa utafiti haukuwa wa kumrudishia jibu lake. Ushauri nasaha pamoja na upimaji wa hiari vilianza kutolewa ndani ya utafiti katika awamu ya 2003 na 2004. Dawa za kufubaza VVU zilianza kupatikana bure katika Hospitali ya Bugando mwaka 2005, na ndipo mwaka 2008 huduma ya tiba na matunzo ikafika katika Kituo cha Afya cha Kisesa chenyewe. Kwa hiyo kwa takriban miaka kumi ilijulikana ni wangapi, na mwenyewe hakujua kama ni mmoja wao.

Waliopanga hivyo hawakuwa watu wabaya, na utaratibu huo haukuwa wa Kisesa peke yake, ulikubalika kimataifa. Dawa hazikuwapo. Unyanyapaa ulikuwa mkali kiasi cha mke kurudishwa kwao na mtoto kukataliwa na ndugu. Kumwambia mtu habari nzito bila kuwa na la kumpa baada ya hapo kulionekana kuwa ukatili zaidi kuliko kunyamaza. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati ule. Lakini haifuti deni. Yapo maduara ya kahawia ambayo wenyewe walizikwa kabla jibu halijawa na faida kwao, na tarakimu zilizotokana na damu yao ndizo zilizosaidia kuwashawishi wafadhili na serikali kwamba dawa zinahitajika vijijini.

Wahudumu wa afya wenye umri mkubwa wanakumbuka jinsi uvumi ulivyokuwa ukitangulia gari la watafiti. Pwani na bara, kwa vizazi kadhaa, watu wa Afrika Mashariki wamesimuliana habari za mumiani, wanaodaiwa kunyonya damu za watu na kuziuza au kuzigeuza dawa. Wasomi wa historia wameandika vitabu juu ya masimulizi hayo, na waganga wa hospitali wamezoea kuyacheka. Si busara kuyacheka. Mtu anayekuja na gari, akachukua damu ya jirani zako wote, akaifunga ndani ya boksi la baridi, akaondoka nayo Mwanza, na asirudi kusema aliona nini ndani yake, amefanya jambo ambalo mzee wa kijiji ana haki ya kulitafutia maelezo. Akikosa maelezo ya kweli atatumia aliyorithi. Uvumi wa mumiani, ukitazamwa kwa makini, ni lalamiko la mtu ambaye hakupewa majibu.

Na bado damu hiyo haikumaliza kazi yake. Mojawapo ya mambo ambayo wanafunzi wa maabara hawaambiwi vya kutosha ni kwamba sampuli iliyotunzwa vizuri huweza kujibu swali ambalo halikuwapo siku ilipochukuliwa. Madoa makavu ya Kisesa yaliyohifadhiwa kwenye baridi yalifunguliwa tena miaka mingi baadaye, yakapimwa alama ya minyoo ya kichocho inayozunguka katika damu, ili kulinganisha watu waliopata VVU na wale ambao hawakupata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wanawake waliokuwa na kichocho walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata VVU, wakati kwa wanaume uhusiano huo haukuonekana. Kwa watu wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria, ambako mwanamke huingia majini kuchota, kufua, kuoga na kununua dagaa mitumbwi inapotua, habari hiyo si ya maktaba. Inabadilisha namna muuguzi anavyopaswa kumsikiliza mama anayelalamika maumivu ya nyonga na kutokwa damu isiyo ya mwezi, hata kama choo na mkojo wake vimeonekana safi chini ya hadubini.

Kule Bugando nako yametokea mambo ya namna hiyo. Kadi za damu kavu za watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU hukusanywa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa ili watoto hao wapimwe mapema. Baada ya kipimo, damu kidogo hubaki kwenye kadi. Watafiti wa Bugando, chuo chake na washirika wao waliitumia kutafuta selimundu katika kadi 17,200, na taarifa yao ikatoka mwaka 2020: asilimia 20.3 ya watoto walikuwa wamebeba kinasaba cha selimundu, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji. Hakukuhitajika sindano mpya wala mtoto kulizwa mara ya pili. Kilichohitajika ni mtu aliyejua thamani ya kilichobaki, na aliyekuwa na elimu ya kutosha kuuliza swali hilo. Hapa ndipo usomi wa maabara unapoonyesha faida yake, na ndipo inapokuwa hasara kubwa kwa nchi kumwacha mtaalamu wa maabara abaki kuwa mkono wa kupima mawazo ya wengine tu.

Tarakimu za selimundu, hata hivyo, zinarudisha suala lile lile mlangoni pa kituo cha afya. Katika vituo vingi kipimo kinachopatikana ni kile ambacho tone la damu huchanganywa na dawa inayonyonya oksijeni, sodiamu metabaisalfaiti, likafunikwa kwa kioo chembamba na kutazamwa kama chembe nyekundu zinapinda mithili ya mundu. Kipimo hicho kina manufaa, lakini kinasema jambo moja tu: kwamba hemoglobini ya aina ya S imo. Hakisemi kama mtoto ameirithi kutoka kwa mzazi mmoja, akawa mbebaji mwenye afya yake, au kutoka kwa wazazi wote wawili, akawa mgonjwa. Kwa mtoto mwenye miezi michache kinaweza hata kusema hakuna kitu, kwa sababu damu yake bado imejaa hemoglobini ya tumboni ambayo haipindi. Ili kujua kwa hakika unahitajika mtambo wa kutenganisha aina za hemoglobini, na mtambo huo haupo kila mahali.

Mama anayepewa karatasi iliyoandikwa neno moja tu, «positive», hajui lolote kati ya hayo. Anarudi nyumbani akiamini mwanawe ana ugonjwa wa kufa, kumbe ni mbebaji. Au anaambiwa mtoto ni mzima akiwa na miezi minne, na anapofikisha mwaka mmoja vidole vinavimba na macho yanakuwa ya njano. Baba naye akisikia kwamba ugonjwa umerithiwa, haraka husema kwao hakuna kitu kama hicho, na lawama yote humwangukia mke. Ukweli ni kwamba mtoto hawezi kuwa na ugonjwa huo wa aina ya kawaida bila baba na mama wote kuchangia, na kwamba wazazi wawili wabebaji huwa, katika kila mimba, na uwezekano wa mara moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Nani amweleze hayo? Daktari ana foleni. Muuguzi hakufundishwa udhaifu wa kipimo. Anayeujua vizuri kuliko wote yuko nyuma ya dirisha dogo la maabara, na desturi imemfundisha kutoa karatasi na kunyamaza.

Kunyamaza huko kuna asili yake. Taaluma ya maabara nchini ilikua kama taaluma ya wasaidizi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, serikali za kikoloni zilipoendesha utafiti wa magonjwa Malya na baadaye Mwanza mjini, taarifa zilitiwa saini na madaktari wa Kizungu, na vijana Waafrika waliokaa usiku kucha wakichoma vidole vya watu ili kutafuta minyoo ya matende, ambayo huonekana katika damu usiku, hawakuandikwa popote. Uhuru ulibadilisha majina juu ya taarifa. Desturi ya kumwona mpimaji kama sehemu ya vifaa haikuondoka kwa haraka hiyo. Leo mtaalamu wa maabara husajiliwa na baraza lake kwa mujibu wa sheria ya 2007, ana stashahada au shahada ya miaka mitatu na mafunzo ya kazini, na ana njia ya kwenda uzamili na uzamivu bila kuondoka Mwanza, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba Shirikishi, kilichoanza pale Bugando mwaka 2003, hufundisha ngazi zote hizo. Njia ipo. Tatizo ni kile kinachohesabiwa mtu akiwa anaipita.

Kinachohesabiwa ni makala. Kamati ya kupandisha vyeo huuliza umechapisha ngapi, katika jarida lipi, na jina lako ni la kwanza, la mwisho au limo katikati. Mtaalamu wa maabara mara nyingi yumo katikati, akiwa yumo kabisa. Kukataa sampuli iliyoharibika, kurekebisha mashine kabla ya alfajiri, kuandaa damu ya kulinganishia, kumfundisha mpimaji wa kituo cha vijijini asome kipimo cha malaria kwa dakika zinazotakiwa wala si kabla, hayo yote hayana safu katika fomu. Matokeo yake yanaonekana. Kijana mwenye akili hujifunza upesi kwamba meza ya maabara haimpandishi. Anapata shahada ya pili na kuikimbia meza, na vituo vya afya vinabaki na waliokosa mahali pa kukimbilia.

Wasukuma wa Kisesa wanajua mashindano ya namna hii. Kila mwaka, wakati wa sherehe za Bulabo pale Bujora, yalipo makumbusho yao, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kumzunguka. Mchezaji hodari hapo hutumia nyoka, fisi, moto, chochote kitakachomhamisha mtazamaji kutoka upande wa pili. Ni mashindano mazuri kwa ngoma. Kwa sayansi yana hatari, kwa sababu anayetafuta kuzungukwa na watu huchagua swali linalong'aa ng'ambo, na kuacha lile linalowauma wenyeji.

Mfano wa swali lisilong'aa ni benki ya damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulioanza mwaka 2004 una kituo cha kanda Mwanza, na kila mhudumu anajua kwamba wanafunzi wa sekondari ni tegemeo kubwa la uchangiaji, hivyo likizo zinapofika majokofu huanza kupungukiwa. Malaria haiendi likizo, wala uzazi. Chembe nyekundu hukaa siku 35 tu katika mfuko wenye dawa ya kawaida ya kuhifadhi. Nani atafanya utafiti wa uzamivu kuhusu namna kata kama Kisesa, yenye soko, minada, makanisa, misikiti na daftari la kaya lililotunzwa tangu 1994, inavyoweza kujitosheleza kwa damu mwezi wa Desemba? Hautamfikisha mtu kwenye jarida kubwa. Utamfikisha mama anayevuja damu baada ya kujifungua kwenye chupa inayomfaa.

Wapo walioonyesha kwamba mtu anaweza kupanda bila kuuacha mkono wa aliyetoa damu. Profesa Julie Makani wa Muhimbili, daktari bingwa wa magonjwa ya damu, alianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu Dar es Salaam, na tangu mwanzo kliniki na utafiti vikawa kitu kimoja: aliyechangia sampuli alikuwa mgonjwa anayerudi kutibiwa na watu wale wale. Heshima za kimataifa alizopewa, ikiwemo tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011, zilikuja juu ya kliniki hiyo. Na kwa Mwanza yenyewe, jina la John Changalucha wa NIMR limo kati ya waandishi wa taarifa ya 1995 ya magonjwa ya zinaa, na limo tena katika taarifa zilizotoka 2022 za utafiti wa chanjo ya HPV uliofanywa na wasichana 930 wa mkoani humo, ambao kingamwili katika damu yao zilionyesha kwamba dozi moja iliacha kinga kwa karibu wasichana wote walioipata. Miaka miwili baadaye Tanzania ikahamia dozi moja. Takriban miaka 30 katika mji mmoja, na mwishoni binti wa darasa la nne anachomwa sindano moja badala ya mbili au tatu. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliyeikimbia meza mapema.

Vyuo vinaweza kubadilisha fomu zao. Anayeomba kuwa mhadhiri mwandamizi au profesa katika sayansi ya maabara aulizwe, pamoja na orodha ya makala, matokeo ya utafiti wake yalirudishwa wapi, lini na kwa lugha gani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili uliosomwa katika mkutano wa kijiji na ukasainiwa na mwenyekiti wa kijiji uwe na alama zake. Wapimaji waliofanya kazi yenye kuhitaji akili, si kubeba boksi tu, waandikwe kama waandishi. Wanafunzi wa shahada wapelekwe katika kituo kama cha Kisesa kwa majuma, si kwa ziara ya siku moja yenye picha, wakae na dirisha lile dogo hadi wajue mama huuliza nini anapopewa karatasi.

Watasema wengine kwamba vyuo hushindanishwa na dunia kwa idadi ya machapisho, na chuo kitakachojifungia katika mikutano ya vijiji kitabaki nyuma. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Fedha za utafiti hufuata majina. Lakini wenye hoja hiyo husahau kinachoifanya Kisesa itafutwe na watafiti wa London. Si majengo. Ni watu ambao kwa miongo kadhaa wameendelea kufungua milango na kunyoosha vidole awamu baada ya awamu. Kukubali kwao kukikatika, hakuna shahada itakayokuunganisha. Katika awamu yoyote wapo wasiotokea, na si wote waliohama au waliokuwa shambani, wengine wamechoka.

Mgonjwa naye, au mtu mzima wa afya anayeombwa sampuli, ana maswali yake ya kuuliza, na asione haya. Damu hii inapimwa nini? Jibu langu nitaletewa na nani, na lini? Itabaki wapi baada ya hapo, na kwa muda gani? Ikipelekwa nje ya nchi, nani ameruhusu? Utafiti wa afya nchini hauruhusiwi kuanza bila kibali cha kamati ya maadili, na sampuli haziruhusiwi kusafirishwa nje bila mkataba unaosema zinakwenda kufanya nini. Mtu anaweza kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho, na matibabu yake yasipungue hata kidogo. Mtafiti anayekerwa na maswali hayo hajaiva.

Mchana, katika kituo cha afya cha barabarani kama kile, kijana wa maabara hufunga boksi la sampuli. Anapanga chupa zenye vifuniko vya zambarau, anaweka vipande vya barafu pembeni visizigandishe, anahakiki namba mara mbili dhidi ya daftari. Boksi likishapakiwa, mwanamke aliyekuwa benchi tangu asubuhi na mtoto mgongoni anasogea dirishani na kumuuliza, kwa Kisukuma, kama na ya mwanawe imo humo. Anampa shikamoo kwanza, maana ni mkubwa kwake kwa umri. Kisha anatoka nje, anafunga mlango wa maabara kwa ufunguo, anakaa naye kwenye benchi, na kuanza kumweleza inakwenda wapi, itapimwa nini, na ni Jumanne ipi arudi.